Kisa mkasa darasani: maana yake na namna ya kupimia

Kisa mkasa ni tukio la kweli, au lililotungwa likafanana na la kweli, ambalo mwanafunzi anawekwa ndani yake na kuulizwa: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Wengine hukiita uchunguzi kifani, ila huo hasa ni njia ya utafiti. Shule ya sheria ya Harvard ilianza kufundisha kwa kesi halisi miaka ya 1870. Baadaye wakaifuata watu wa biashara.

Kinachokipa kisa nguvu ni mahali unapokikatia. Chukua kipindupindu cha Soho, London, mwaka 1854. Ukisimulia moja kwa moja kwamba daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, mpini ukaondolewa watu wasiyateke tena, umesimulia historia tu. Sasa kaa kimya kuhusu pampu. Waambie vifo vimejaa mtaa ule, na wengi wanalaumu hewa chafu. Kisha ongeza: wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilicho palepale hawakufa. Na mjane mmoja amekufa Hampstead, mbali kabisa. Hapo darasa linachangamka. Ni hewa ipi iliyowaruka wale na kumfuata huyu? Wakishabishana vya kutosha ndipo uwape kilichobaki: wa kiwandani walikuwa na bia yao na kisima chao, na mjane alikuwa akiletewa maji ya Broad Street kwa kuwa aliyapenda.

Kwenye mtihani usiwarudishe Soho, maana watakuandikia ulichosema (na walimu wengi hunaswa hapa). Wape kijiji chenye kisima kimoja, kingine kiko mbali: watu wameanza kuharisha siku ya pili ya matanga, waliokula pilau wamo na wasiokula wamo, majibu ya maabara yatakuja baada ya siku tatu. Utaanza kumuuliza nani, na leo hii utafanya nini?

Anayefafanua kipindupindu vizuri bila kugusa kijiji hapati alama nyingi. Mmoja akifunga kisima na mwingine akakiacha wazi huku akisisitiza maji yachemshwe, kwa sababu kingine kiko mbali, wote wanaweza kufaulu. Unachosahihisha ni sababu walizotoa na kama zimetoka kwenye kisa. Ndiyo maana kusahihisha huchosha. Kwa darasa la watu themanini, kisa cha nusu ukurasa na majibu ya vikundi yanatosha.