Acheni Kumminya Tumbo: Maswali ya Viongozi Wanaopeleka Vijana Kuogelea

Likizo ikifika, vikundi vya vijana wa makanisa na madrasa hukodi kosta wakaenda kwenye mabwawa ya hoteli za Kampala, Entebbe na Jinja. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura, ila hapa Uganda kila aliyevaa koti jeupe huitwa musawo, yaani daktari, basi najibu kama musawo. Mengi ya maswali haya niliulizwa kabla ya safari. Machache niliulizwa mlangoni petu, mtoto akiwa tayari amebebwa mikononi.

Kufa maji ni nini hasa?

Ni kushindwa kupumua kwa sababu maji yamefunika pua na mdomo. Hata aliyeokolewa akiwa hai limempata hilo hilo, kwa hiyo naye ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na wengi wao ni watoto na vijana.

Mtoto akizama si tutamsikia?

Hamtamsikia. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, nayo imewaponza viongozi wengi, maana wanakaa kivulini wakingoja kelele. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo wake unazama na kuibuka, kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima, mikono inasukuma maji pembeni kama mtu anayetafuta ngazi. Hawezi hata kupunga mkono. Yote hayo huweza kumalizika kabla ya dakika moja kutimia, na wenzake walio hatua mbili tu kutoka hapo hudhani anacheza. Ukimwita asipojibu, usimwite mara ya pili. Mfuate.

Kama wewe mwenyewe hujui kuogelea, usirukie ndani, tusije tukapokea wawili. Lala kifudifudi ukingoni umnyoshee fimbo au shuka, au mrushie boya, au jerikeni tupu lililofungwa kifuniko.

Tumemtoa, hapumui, tumbo limejaa. Tuanze kwa kumminya tumbo maji yatoke?

Hapana. Hili ndilo ninaloliona kila likizo, na ndilo lililonifanya niandike.

Maji mnayoyaona yakitoka mnapominya yametoka tumboni, hayakutoka kwenye mapafu. Yaliyoingia kwenye mapafu kwa kawaida si mengi, na huwezi kuyakamua kama nguo. Mkiminya tumbo mnamtapisha mtu asiye na fahamu, na matapishi hayo yanashuka kwenye njia ya hewa. Wakati huo huo ubongo umekosa oksijeni, nao huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hivi. Umati unashangilia maji yanavyotoka. Mtoto anakufa katikati yao.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpe pumzi 5, kila moja ya kama sekunde moja, ukitazama kifua kikiinuka. Asipoanza kupumua, weka mikono katikati ya kifua na ubonyeze mara 30, kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Halafu 30 tena, na 2 tena. Usiache mpaka apumue au wataalamu wapokee. Kwa aliyezama, kubonyeza kifua bila pumzi hakutoshi, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa.

Na tukiminya kidogo tu, halafu ndiyo pumzi?

Hapana. Hiyo "kidogo tu" ndiyo dakika zenyewe.

Lakini mjomba wangu alishikwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini, na yupo hai mpaka leo.

Mshukuru Mungu, kisha usirudie. Huenda mjomba alikuwa bado anapumua, na angepona hata kama wangemwimbia. Kumning'iniza, kumzungusha, kumbingirisha juu ya pipa, kumpiga mgongoni: yote ni kuchelewesha pumzi. Nimempokea kijana wa miaka 14 aliyefanyiwa karibu yote hayo kabla ya mtu kukumbuka kwamba hapumui. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Povu likitoka mdomoni?

Usipoteze muda kulifuta, endelea na pumzi. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo kwa vidole, mrudishe chali, endelea.

Tumpakie boda haraka tumkimbize hospitali?

Juu ya boda huwezi kumpa mtu pumzi. Asiyepumua anasaidiwa pale pale ukingoni, huku mwenzako akipiga 999 au 112 na mwingine akitafuta gari. Kazi hizo zigaweni kabla ya kuondoka nyumbani: nani anajua kutoa pumzi, nani ana simu yenye chaji, gari lipi linabaki. Msalaba Mwekundu wa Uganda hufundisha huduma ya kwanza. Pelekeni viongozi wawili kabla hamjachangisha pesa za soda na chapati.

Hoteli ina mwokoaji wake. Sisi tufanye nini tena?

Muulizeni kwanza kama anajua kuogelea. Msicheke, nimekutana na "mwokoaji" ambaye kazi yake hasa ilikuwa kugawa taulo. Hata akiwa hodari, hawajui vijana wenu.

Mimi huwaambia viongozi wawe na mtazamaji mmoja kwa kila vijana 8. Asiingie majini, asishike simu, asichome nyama. Wabadilishane kila nusu saa, maana macho huchoka. Wapangeni vijana wawili wawili, na kila dakika 10 pigeni filimbi: kila mtu amshike mwenzake mkono juu, mhesabu. Wasiojua kuogelea wakae maji ya kiunoni, na mkubwa awe karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa mkono.

Kuna vijana wa kuangalia zaidi?

Wenye kifafa. Msiwaache nyumbani kwa aibu, lakini kila mmoja awe na mtu wake mwenye nguvu za kumtoa, asiyetazama mwingine. Ulizeni wazazi mapema na kwa faragha, kwa sababu mbele ya kundi hakuna atakayesema.

Halafu wale mabingwa wa kushindana nani atakaa chini muda mrefu. Wanapumua haraka haraka kwanza, wanazama, na wanazimia bila dalili yoyote. Mchezo huo upigwe marufuku kabisa. Pombe pia, hata kwa viongozi. Na jinzi nzito zibaki kwenye mabegi: anayetaka kujisitiri avae fulana na suruali nyepesi ya kubana, yenye rangi kali inayoonekana ndani ya maji. Kama maji ya bwawa ni ya ukungu hadi huoni sakafu, rudini nyumbani. Mtoto aliyelala chini hamtamwona.

Bwawani kuna kichocho?

Katika bwawa lililowekwa klorini ipasavyo, hapana. Kichocho kiko ziwani, Nalubaale (Ziwa Victoria) na Ziwa Albert. Ila anayeharisha asiingie bwawani.

Ametolewa, amekohoa, sasa anacheka na anadai chapati. Bado tumlete?

Mleteni. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuvimba saa chache baadaye, mtoto akiwa ndani ya kosta amelala, na ninyi mnasema amechoka. Akiendelea kukohoa, akipumua haraka, akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida, hilo si suala la kungoja kesho asubuhi, wala la kumficha mzazi. Kwa kawaida tunamtazama kwa muda wa saa 6 hadi 8, na wengi huenda nyumbani usiku huo huo wakiwa wazima.

Mkifika mlangoni tuambieni alikaa chini ya maji muda gani, alipewa pumzi baada ya dakika ngapi, na kama alitapika. Mkiwa mmemminya tumbo, semeni hilo pia. Hatutawapiga.