Je, wajua kwa nini picha hazipigiliwi misumari katika majumba ya kale ya Pwani?

Anayeingia kutazama maonyesho ya picha katika jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa huenda akashangaa kuona kuta zimeachwa wazi, huku picha zikining'inia kwa waya nyembamba kutoka juu au zikiwa zimefungwa kwenye fremu za mbao zilizosimama katikati ya chumba. Mpangilio huo haukuchaguliwa kwa ajili ya kupendeza macho tu. Unatokana na namna ukuta wenyewe ulivyojengwa.

Majumba hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyolingana, yakafungamanishwa kwa udongo na chokaa, kisha yakapigwa lipu ya chokaa ndani na nje. Ukuta wa aina hii, ambao mara nyingi una unene wa nusu mita au zaidi, ni laini na una vinyweleo vingi, yaani vitundu vidogo mno, hivyo hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua na kuutoa polepole kupitia lipu. Kwenye ukuta wa matofali, fundi anaweza kutoboa katika kiungio, kwa kuwa tundu la hapo huzibika bila kuliumiza tofali. Kwenye ukuta wa matumbawe viungio havifuati mstari na vimefunikwa na lipu, kwa hiyo ncha ya drili inaweza kukuta jiwe, udongo mkavu unaomiminika, au uwazi mtupu. Skrubu isiposhika, fundi hupanua tundu, na akishindwa kabisa hulijaza saruji. Kiraka hicho ni kigumu kuliko matumbawe na hakipitishi unyevu kama chokaa, hivyo unyevu uliozoea kutokea hapo hutafuta njia pembeni, na baada ya misimu michache lipu iliyokizunguka huanza kubambuka. Hata msumari ulioingia vizuri una hatari yake, kwa kuwa katika hewa ya bahari chuma hushika kutu upesi, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikausukuma ukuta kutoka ndani hadi upasuke.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho siku ya kwanza, nalo ni chumvi. Matumbawe yametoka baharini, na upepo wa bahari huongeza chumvi mwaka hadi mwaka. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevunyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, na hurudi kuwa chembe ngumu kiwango hicho kinaposhuka. Kila inapoganda ndani ya vinyweleo vya lipu hutanua na kuvunja, na ndiyo maana mtu akipitisha kidole chini ya ukuta wa namna hii hukuta unga mweupe uliochanganyika na chokaa iliyomeguka. Sasa fikiria mwandaaji wa maonyesho anayefunga kiyoyozi kwa sababu karatasi na vitambaa vya kuchorea huota ukungu kwenye unyevu mwingi. Hewa ya chumbani hukauka, maji yaliyomo ukutani huvutwa kuja juu pamoja na chumvi yake, kisha usiku kiyoyozi kikizimwa unyevu hurudi na mzunguko huanza upya kesho yake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo waandaaji wengi hukosea kwa nia njema kabisa: kinachoiokoa picha kwa muda wa wiki chache kinaweza kuuchakaza ukuta ambao umesimama zaidi ya karne moja. Njia iliyo salama zaidi ni kuacha hewa ipite kama jumba lilivyokusudiwa, kuweka nafasi ya sentimita kadhaa kati ya picha na ukuta ili unyevu usijifiche nyuma ya fremu, na kuzifungia kazi zilizo dhaifu mno ndani ya makabati ya kioo yanayodhibitiwa unyevu peke yake.

Isitoshe, ukuta unaoonekana mtupu huenda usiwe mtupu. Katika Fort Jesus ya Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, zimehifadhiwa picha za majahazi, makanisa na watu zilizochorwa na Wareno wenyewe juu ya lipu. Majumba ya kale yalipakwa chokaa tena na tena, tabaka juu ya tabaka, na hakuna ajuaye kilicholala chini ya tabaka la juu hadi mtaalamu alifunue taratibu. Tundu moja la drili hupita katika matabaka yote kwa sekunde chache.

Sakafu nayo ina masharti yake. Ghorofa za majumba haya hubebwa na boriti za mikoko, zilizokatwa kwenye delta ya Rufiji na maeneo ya Lamu, ambazo juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa. Kwa kuwa boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vingi vina upana usiozidi mita tatu hivi, jambo linalomlazimisha msanii mwenye picha kubwa kukubali kwamba mtazamaji hatapata nafasi ya kurudi nyuma aione yote kwa pamoja. Boriti hupinda zaidi ikibebeshwa mzigo katikati kuliko karibu na ukuta, na ncha zake zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza kwa unyevu au kuliwa na mchwa. Kwa hiyo kinyago cha mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, huwekwa karibu na ukuta juu ya ubao mpana unaogawa uzito kwa boriti kadhaa, na hilo hufanyika baada tu ya fundi kuzikagua ncha hizo. Wageni wa siku ya ufunguzi wakisongamana mbele ya picha moja, wao pia ni mzigo, na waangalizi makini huwaingiza kwa makundi.

Nuru hudhibitiwa kwa kufunga mbao za madirisha, kwani kazi za karatasi, rangi za maji na vitambaa hupendekezwa zisipate zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), nalo jua la Pwani hupita kiwango hicho mara nyingi sana.

Yapo maoni kwamba majengo haya yangefungwa tu. Sikubaliani nayo, na hata Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza uhifadhi wa majengo ya kale duniani, unasema katika kifungu cha 5 kwamba kuyatumia kwa manufaa ya jamii husaidia kuyahifadhi, mradi matumizi hayo yasibadili mpangilio wala mapambo yake. Mafundi wanaofuata sharti hilo hupiga picha za kila ukuta kabla ya kazi kuanza, hupitisha nyaya za umeme sakafuni ndani ya vifuniko badala ya kuchimba lipu, hukagua mbao zote zinazoingia zisilete mchwa, na baada ya maonyesho hulinganisha ukuta na picha zile alama kwa alama.

Kwa vitu vidogo, majumba ya Lamu yana jibu lake tangu zamani. Katika chumba cha ndani kuna zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa katika lipu, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya kaure kutoka China. Chombo cha udongo au kinyago kidogo kikiwekwa humo juu ya kipande cha kitambaa laini, ili kingo za chokaa zisikwaruzwe, hakihitaji msumari, waya wala fremu.