Kutembea ufukweni kutoka Tiwi hadi Kinondo na kulala kando ya gari: soma mwezi kwanza, ndipo uombe ruhusa kazini

Anayetaka kutembea ufukwe wa kusini mwa Mombasa mara nyingi huanza na likizo: apate ruhusa, ajaze gari mafuta, awaite wenzake, kisha siku ya safari aulize maji yanakupwa saa ngapi. Huko ni kuanzia mwisho. Ufukwe huu una njia kwa saa chache tu, na saa hizo hupangwa na mwezi. Ukichagua tarehe vibaya, bahari itakuwa imeegemea kuta za hoteli wakati ambao wewe ulitaka kupita.

Safari inayoelezwa hapa inaanzia Tiwi, katika Kaunti ya Kwale. Unalala kando ya gari, asubuhi unatembea kuelekea kusini, unavuka mlango wa mto Mwachema karibu na msikiti wa kale wa Kongo, unapita Diani na Galu, na unamalizia karibu na Kaya Kinondo. Ni kilomita 16 hivi kwa miguu. Kurudi ni kwa bodaboda, tuktuk na matatu. Usipange kurudi kwa miguu siku hiyo hiyo, kwa sababu alasiri Mwachema haivukiki.

Bahari hapa hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kukupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika 12 hivi, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hufika mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi kama mita 1, na mchanga unaoachwa wazi ni mwembamba. Bamvua lenyewe halifiki kilele siku ya mwandamo, bali siku moja au mbili baadaye. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anaweza kukadiria bila jedwali: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu.

Lililo zuri zaidi kwa msafiri ni kwamba katika pwani yetu bamvua lina saa zake. Maji ya bamvua hukupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, halafu hukupwa tena usiku saa nne na kitu, na kujaa tena alfajiri. Wavuvi wa pweza wanalijua hili tangu utotoni. Kwa mtembezi maana yake ni kwamba siku za bamvua mchanga hufunguka wakati wa kutembea, na siku za maji mafu maji hujaa saa hizo hizo za asubuhi. Na kwa kuwa bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi, Jumamosi nzuri ikishapatikana, Jumamosi ya wiki mbili baadaye nayo kwa kawaida huwa nzuri. Zile za katikati ziache.

Makadirio hayo ni ya kuchagulia tarehe tu. Saa kamili itoe katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Hapo kuna kosa moja linalohitaji tahadhari kubwa. Jedwali huandikwa kwa saa 24: 1020 ni saa nne na dakika 20 asubuhi. Mtu akisoma 1020 akamwambia mwenzake "saa kumi na dakika ishirini", wamekosea kwa saa sita, na saa sita ndio umbali wa kukupwa na kujaa. Watafika mtoni wakati maji yako juu kabisa. Basi andikeni saa hizo kwenye karatasi kwa Kiswahili, mara mbili, na watu wawili tofauti wasome jedwali.

Jambo la pili la kuelewa ni kasi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote katika mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 hiyo ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75, kisha 75 tena. Ndiyo maana watu hudanganyika. Saa nzima baada ya kupwa bahari inaonekana imelala, kisha katika saa ya tatu na ya nne kwa pamoja inapanda mita moja na nusu. Tena haianzii mbele yako. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya fungu la mchanga na ufukwe, au kati ya mwamba na ufukwe, yaani nyuma ya mgongo wa aliyekwenda kuangalia matumbawe. Yeyote anayetaka kwenda mwambani aende kabla maji hayajamaliza kukupwa, na ageuke yakisimama, si yakianza kurudi.

Ratiba kwa siku ambayo maji yanakupwa saa nne na dakika 20: mwondoke kambini saa mbili kasoro dakika 20. Kutoka Tiwi hadi mlango wa Mwachema ni kilomita 2 hadi 3 kutegemea mlipolala, zikiwa na rasi za mawe ya matumbawe zinazopitika kwa chini maji yakiwa mbali tu. Chini ya mawe hayo kuna mapango. Yasiwe mahali pa kupumzikia wakati maji yanapanda, maana mlango wake huzibwa kabla ya ndani kujaa. Fikeni mtoni kuanzia saa mbili unusu na mvuke kabla ya saa nne. Baada ya hapo mnayo saa tatu na zaidi za mchanga mgumu uliotoka kulowa, ambao mtu hutembea kilomita 3.5 kwa saa bila kuchoka sana. Mchanga mkavu wa juu hula nusu ya nguvu hiyo. Lengo ni kuwa mmeshaipita sehemu ya Diani yenye kuta za hoteli kufikia saa sita na robo. Galu ufukwe unapanuka na kuna njia za umma za kutokea barabarani, kwa hiyo kikundi kinachokwenda polepole kimalizie hapo bila majuto.

Mto wenyewe unahitaji macho. Vukeni pale ulipotanuka ukafanya michirizi mingi juu ya mchanga, si pale unapobana, kwa sababu penye kubana ndipo penye kina na mkondo. Aliye mrefu atangulie na fimbo. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi, ukianguka ulivue upesi. Maji yakipita goti na yanavuta, rudini. Masika, hasa Aprili na Mei, maji ya bara hushuka hata kama ufukweni hakujanyesha. Yakiwa ya rangi ya udongo, acheni kuvuka, pandeni bodaboda mkaanzie Diani. Eneo la kivuko pia lina historia ya wizi. Nendeni watu watatu au zaidi, pamoja na mwongozaji wa Tiwi anayefahamika na mnapolala, na fedha nyingi pamoja na vitambulisho vya asili viachwe. Kipande cha kutoka barabara kuu hadi ufukwe wa Tiwi nacho pandeni bodaboda, msikitembee.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu kwa matembezi haya, na lita 4 miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jua linapokuwa kali. Madafu ya njiani ni nyongeza, msiyahesabu. Kwa chumvi inayotoka na jasho chukueni pakiti za maji ya kuongezea chumvi mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mahamri, tende, ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa havivundi mkobani kufikia mchana. Vitu visiwe kwenye chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja: tangu Juni 5, 2020 Kenya imezipiga marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, fukwe zikiwamo.

Miguuni vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino, vyenye soli ngumu. Kandambili hunasa kwenye tope la mto na hukatika kamba. Penye majani ya bahari na mawe kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi, kuna taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani, na kuna samaki wa sumu anayefanana kabisa na jiwe. Buruza miguu badala ya kuinyanyua, taa husikia na kuondoka. Aliyechomwa na taa au huyo samaki wa mawe, mguu uingizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto huidhoofisha sumu hiyo. Mwenzake ajaribu maji hayo kwa mkono wake kwanza, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi vizuri. Kisha hospitali. Mkwaruzo wa tumbawe, hata mdogo, usuguliwe kwa maji safi na sabuni hadi vipande vyote vitoke. Vikibaki, kidonda hutunga usaha wiki nzima. Konokono wa gamba lenye umbo la koni asishikwe, ana mwiba wenye sumu. Namba za kuhifadhi simuni ni 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya.

Kaya Kinondo si bustani ya kupumzikia. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia na mwongozaji wa hapo, hujifunga kitambaa cheusi, na hatoki na kitu, hata jani. Mwenye nguo za kuogelea asubiri nje.

Sasa kambi. Ndipo bamvua linapokamata watu waliojiona wameshamaliza. Mkipiga hema saa nne usiku, maji yako mbali na mchanga unaonekana wenu wote. Alfajiri, mnamo saa kumi hadi kumi na moja, bahari hurudi kwenye alama yake ya juu. Tafuteni mstari wa mwani mkavu na takataka, kisha hema na gari viwe juu yake kabisa, ndani ya uwanja wa kambi uliolipiwa wenye mlinzi. Gari halina kazi ufukweni. Chini ya mnazi wenye nazi msilale wala msiegeshe. Mvinje unafaa zaidi, ingawa matawi makavu yaangaliwe kwanza.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mifuko midogo ya kitambaa, fungia kamba za hema, zika mifuko kina cha sentimita 40. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mgongo wa hema uelekee kusini-mashariki. Kwa watakaolala ndani ya gari, vioo vifunguliwe upana wa vidole viwili pande mbili zinazotazamana na viwekwe chandarua. Jiko la makaa au la gesi lisiingie ndani ya gari wala hemani hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yanaonekana yamezimika: hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala. Chakula kifungiwe ndani ya gari, kwani tumbili na nyani hufungua zipu. Maji ya kambi ni lita 5 kwa mtu kwa usiku mmoja, mbali na ya kunywa.

Taa za gari zizimwe na moto usiwashwe ufukweni. Kasa hupanda kutaga usiku kwenye fukwe hizi, na vifaranga huongozwa na mwanga kuifuata bahari. Taa ya kambi huwapeleka upande wa nchi kavu, na wengi hufa jua likichomoza. Tochi ya mwanga mwekundu inatosha kwa kwenda chooni.

Kuhusu njia, anayetoka Nairobi apime foleni ya feri ya Likoni na barabara ya Dongo Kundu inayotoka Miritini hadi Ng'ombeni. Njia za vumbi za kushukia Tiwi zina sehemu za mchanga. Pale gari dogo linapoanza kuzama, usiongeze mafuta, gurudumu litajichimbia. Simama, ondoa mchanga mbele ya tairi kwa sepetu, punguza upepo kutoka psi 32 hadi kama 20, tia mbao mbili au mikeka ya gari chini ya magurudumu yanayosukuma, kisha toka taratibu kwa gia ya pili bila kukata kona kali. Kesho yake, kabla ya kuikanyaga lami, rudisha upepo wote kwa pampu mliyokuja nayo. Tairi lililolegea likienda mwendo wa barabara kuu hupata moto ubavuni na kupasuka.