Mashabiki wa SEC hawapendani, msidanganyike na zile kelele

Watu wengi wakisikia uwanja mzima kule Marekani unaimba "S-E-C! S-E-C!" wanadhani vyuo vya konferensi hiyo, yaani ligi ya vyuo vya Kusini mwa Marekani inayocheza futiboli ya Kimarekani, ni marafiki. Sio kweli jamani. Alabama na Auburn wako jimbo moja na walikaa bila kucheza kuanzia 1907 mpaka 1948, miaka 41, kisa ugomvi wa posho na marefa! Na 2013 walipokutana, ngoma 28-28, imebaki sekunde moja, Alabama wanapiga shuti la mbali linapungua nguvu, Chris Davis wa Auburn anadaka mpira mwisho kabisa wa eneo la goli lake na kukimbia nao uwanja mzima, Auburn wanashinda, mechi kwisha. Hilo kidonda bado bichi.

Sasa mbona wanashangilia jina moja? Ni kwa sababu ya Kusini. Zamani futiboli ya vyuo vya Kusini ilidharauliwa sana, mpaka Januari 1, 1926 Alabama walipoenda California kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya, wako nyuma 12-0 mapumziko, robo ya tatu wakapachika pointi 20 wakaifunga timu ya chuo cha Washington 20-19 na Kusini nzima ikasherehekea, hata wasio wa Alabama. SEC yenyewe ilianzishwa 1932.

Halafu kuna hesabu pia. Kamati inayochagua timu za mchujo wa ubingwa inaangalia umecheza na nani, kwa hiyo jirani yako wa SEC akizipiga timu za nje ya SEC, hata kile kipigo alichokupa wewe kinaonekana cha heshima.