Chembe za farasi ndani ya chupa

Nilipokuwa Lamu likizoni, mzee mmoja mwenye punda wa kubeba mchanga aliniuliza, tukiwa tumeketi dakani: "Mwanangu, farasi mwenyewe yuko; chembe zake mwazikuza chupani za nini?"

Swali lake ni la haki. Virusi vya herpesi ya farasi aina ya 1, ambavyo humharibia mimba farasi jike na pengine humpoozesha miguu ya nyuma, huanzia puani, kisha huingia ndani ya chembechembe nyeupe za damu na kupelekwa nazo hadi tumbo la uzazi au uti wa mgongo. Na kwa kuwa vimejificha humo, kingamwili hazivifikii. Seli (yaani chembe) za figo ya sungura, zinazotumika sana kuvikuza virusi hivi, hutuonyesha kwamba vinazaana, lakini haziwezi kutueleza jinsi mlinzi wa mwili anavyogeuzwa kuwa mchukuzi; ndiyo maana twakuza chembechembe nyeupe za farasi mwenyewe.

Twaanza na damu ya mshipa wa shingo, iliyotiwa heparini isigande. Damu ya farasi ina tabia moja niipendayo: chembechembe nyekundu hupandana kama sarafu na kuzama upesi, hata ukiiacha chupa mezani muda mfupi utaona plazma ya manjano imejitenga juu, bila mashine yoyote. Plazma hiyo humiminwa polepole juu ya kimiminika kizito na kuzungushwa kwa mashine, na seli tuzitakazo husimama katikati kama utando wa ukungu. Mkono ukitetemeka hapo, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Monositi, aina mojawapo ya chembechembe nyeupe, hunata kwenye plastiki, nyingine zikaoshwa. Katika nyuzi 37 na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksidi, baada ya siku 5 hadi 7 hunenepa zikawa makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Ndipo tunapotia virusi, huku chupa nyingine ikiachwa bila virusi kwa kulinganisha.

Seli hizi hazidumu, wala za farasi mmoja hazijibu sawa na za mwenziwe. Matokeo ya mnyama mmoja mimi siyahesabu.

"Na punda je?" akauliza mzee. Hapo alinigusa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huweza kuua hata farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga, ilhali punda mara nyingi haonyeshi dalili. Ningependa kuweka makrofaji za wawili hao ubavuni pamoja, kwa kipimo kimoja cha virusi. Nikamwomba damu kidogo ya punda wake. Akanijibu kwamba punda ana mchanga wa kubeba mpaka Alhamisi.