Maji Yanayotuama Uani: Dhana na Ukweli

Mvua za Machi hadi Mei zikifika Kampala na Wakiso, nyua nyingi hugeuka tope, na kila jirani huja na dawa yake.

"Mwaga mchanga, udongo utalegea." Ushauri huu ndio unaowatia watu hasara kuliko yote. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi haufungui kitu: chembe za mfinyanzi hujaza nafasi kati ya punje za mchanga, na kiangazi kikija ardhi inakaza hata jembe linadunda. Ili usaidie, mchanga lazima uuzidi mfinyanzi wenyewe. Hayo ni malori mangapi? Afadhali utoboe nyasi kwa uma wa bustani, mashimo ya sentimita 10 hivi, kisha utandaze mboji iliyooza vizuri, unene wa sentimita moja tu. Rudia kila msimu.

"Nyasi zimekuwa njano, zimwagilie na uzitie mbolea." Chimba kwanza. Ukikuta udongo wa kijivu unaonuka kama yai viza, mizizi inakosa hewa, wala si maji. Ndago zikitawala, shida ni hiyo hiyo.

"Udongo wetu ndio mbaya." Pengine, hasa pale mafundi walipoacha kifusi na malori yakakishindilia. Lakini inua macho utazame paa. Mvua ya milimita 30 juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 3,000. Zikimwagwa zote kwenye kona moja ya nyasi, udongo gani utazinywa? Zipeleke kwenye tangi. Ardhi nayo iteremke kutoka ukutani, angalau sentimita 2 kwa kila mita.

"Dimbwi lolote ni kasoro." Hapana. La saa chache baada ya mvua kubwa ni la kawaida; likilala siku nzima, pima. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishaisha lijaze tena. Yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, kuna shida.

"Mtaro humaliza yote." Mtaro wa kokoto na bomba lenye matundu hufaa ukiwa na mteremko na mahali halali pa kutokea, si kwa jirani. Na kama umejenga bondeni karibu na mafunjo, maji yanatoka chini, kwa hiyo kila unachochimba kitajaa. Kujaza kinamasi bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ni kosa. Sehemu hiyo panda magimbi, nyasi uzipeleke juu.