Taa ya tangi la matumbawe: tazama kina kwanza, wati baadaye

Mtu akinipigia simu kuhusu tangi kubwa la maji ya chumvi, mara nyingi huanza hivi: "Fundi, niweke taa ya wati ngapi?" Nami humrudishia maswali. Tangi lina kina gani? Utafuga matumbawe yepi? Wati zitakwambia bili ya stima, lakini hazikwambii mwanga kiasi gani utafika chini mchangani.

Tumbawe ni mnyama, ila chakula chake kingi hakipitii mdomoni. Ndani ya mwili wake wamo viumbe wadogo wa jinsi ya mwani, wanaotengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Mwanga unaowafaa ni wa kati ya nanomita 400 na 700, nao hupimwa kwa PAR, yaani kipimo cha mwanga unaofaa kutengenezea sukari hiyo. Lumeni zilizoandikwa kwenye boksi zimepimwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona zaidi kijani na manjano. Tumbawe hutegemea sana buluu, kwa kuwa ndiyo rangi inayozama mbali baharini. Nyekundu huishia mita chache tu za juu. Kwa hiyo usishangae taa nzuri ikigeuza sebule yako kama klabu ya usiku.

Matumbawe laini yanaridhika na PAR ya 50 hadi 150. Akropora, yale ya matawi, nayapangia 200 hadi 350, na huwekwa juu ya mwamba. Jua la adhuhuri hapa kwetu hufikia kama 2,000 juu ya maji, lakini usijaribu kushindana nalo.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 70. Hizo ni lita 756 kabla ya kutia mawe na mchanga. Hapo naweka taa tatu za LED, kila moja na sehemu yake ya sentimita 60, kuliko moja kali katikati. Kisha nazamisha kihisi cha mita ya PAR pale pale tumbawe litakapokaa: kileleni, ubavuni mwa mwamba, mchangani, na pembeni. Pembe ndizo zinazoumbua taa za bei rahisi.

Wapo wazee wa fani hii wasiotaka kusikia kitu ila halidi, zile balbu kali zinazotoa joto jingi. Nawaelewa, yale mawimbi ya mwanga mchangani yanapendeza kweli. Lakini balbu tatu za wati 250 juu ya maji, Mombasa, mwezi wa Machi? Tangi linataka nyuzi 25 hadi 27, na joto la bahari la 1998 lilitosha kuyapausha matumbawe ya pwani yetu. Ukitaka halidi, tenga na pesa ya mashine ya kupoza maji. T5, zile taa za mirija myembamba, husambaza mwanga vizuri, ila balbu zake hufifia na hubadilishwa karibu kila mwaka.

Taa mpya usiiwashe kwa nguvu zote. Anza na nusu, iwake kwa muda wa saa nane hadi kumi kwa siku, upandishe polepole kwa wiki kadhaa. Tumbawe likigeuka kahawia, mara nyingi lina njaa ya mwanga: limeongeza mwani ndani yake linase kidogo kilichopo. Likipauka, pima joto la maji kwanza, kisha punguza taa.

Adui mwingine ni chumvi. Matone yanayorushwa na pampu hukauka kwenye kioo cha taa yakaacha utando mweupe unaokula mwanga, na hewa yetu hii huozesha feni za LED. Futa kioo kila wiki kwa kitambaa chenye maji baridi, taa ikiwa imezimwa na imepoa.

Na stima ikikatika, betri ya akiba iendeshe pampu, si taa. Matumbawe huvumilia giza la siku nzima. Maji yakisimama, hewa huanza kupungua baada ya saa chache tu.